Kumshika Mkono Kijana Kabla Hajashika Panga



Kitale na Bungoma ni miji miwili iliyo chini ya mlima mmoja, Elgon, kila mmoja upande wake. Kati ya mwaka 2006 na 2008 miji hiyo ilipokea familia nyingi zilizoteremka mlimani na virago vyao. Hazikuwa zikikimbia adui wa kigeni. Zilikuwa zikiwakimbia vijana wa vijiji vyao wenyewe, waliojiita Jeshi la Kulinda Ardhi ya Wasabaoti, maarufu kwa herufi za SLDF. Tumelichagua tukio hili kwa sababu linaonesha wazi jinsi mtoto wa nyumbani anavyogeuka kuwa tishio la mtaa.

Chanzo chake kilikuwa ardhi. Mwaka 1971 serikali ilianzisha makazi ya Chebyuk kwa ajili ya watu waliohamishwa kutoka Chepkitale, juu mlimani. Ugawaji ule ulirudiwa kwa awamu tatu, na kila uliporudiwa walikuwapo waliopata na waliofukuzwa mahali walipokwisha kulima na kujenga. Awamu ya tatu ndiyo iliyowasha moto. Kwa hiyo manung'uniko yenyewe yalikuwa ya kweli. Kijana aliyeona baba yake akitolewa shambani hakuhitaji kufundishwa uchungu.

Lakini uchungu peke yake hauundi jeshi. Lazima wawepo watu wazima wa kuupa uchungu huo silaha, fedha na jina zuri. Wengine waliingia kundini kwa hiari, na wengine, wakiwamo watoto, walichukuliwa majumbani kwa nguvu. Kundi lililodai kulinda ardhi likawatoza wanakijiji kodi, likakata watu masikio, likabaka na kuua. Ulipofika uchaguzi wa 2007, likawatisha wafuasi wa wagombea lisiowataka. Shirika la Human Rights Watch lilikadiria kwamba kundi hilo liliua zaidi ya watu 600, wakiwamo Wasabaoti kama wao. Ardhi iliyokuwa ikigombewa ikabaki bila wa kuilima.

Mwezi wa Machi 2008 serikali ikapeleka wanajeshi katika Operesheni Okoa Maisha, na mwezi wa Mei kiongozi wa kundi, Wycliffe Matakwei, akauawa. Hata hivyo wanaume na wavulana walikamatwa kwa wingi, wenye hatia na wasio nayo, wakapelekwa kambi ya Kapkota. Watetezi wa haki za binadamu waliandika ushahidi wa mateso, na wapo waliochukuliwa ambao hawakurudi hadi leo. Mwanamke wa Kiislamu anaelewa uzito wa jambo hilo. Mume asipojulikana yu hai au amekufa, eda haina siku ya kuanza, na mirathi haigawanywi. Mwanamke hujikuta si mke wala si mjane.

Tusiseme kwamba hayo ni ya watu wa bara. Likoni, mwezi wa Agosti 1997, vijana wa Pwani waliokuwa na manung'uniko ya ardhi na ajira waliingizwa katika mauaji, karibu na uchaguzi vilevile. Na katika miaka ya karibuni Kisauni imewafahamu vijana wa mapanga.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kumsaidia ndugu anayedhulumiwa na anayedhulumu pia. Na msaada wa huyu wa pili ni kumzuia asidhulumu. Basi mama anayemficha mwanawe hali anajua alikotoka usiku hajamsaidia. Baba anayekula fedha asiyouliza chimbuko lake hajamsaidia.

Kinga huanzia katika mambo madogo. Kijana asiye na kazi akileta simu mpya au fedha, aulizwe, na asipokuwa na jibu, fedha hiyo isiingie jikoni. Wavulana wengi huacha madrasa wanapoingia sekondari, katika umri ule ule ambao wakubwa wa makundi huwatafuta. Msikiti uwe na darsa lao, na mwalimu anayewajua kwa majina. Mwanasiasa anayewagawia vijana fedha za kuvuruga mkutano wa mwenziwe akataliwe na wazazi hadharani, hata kama ni wa ukoo wetu. Na dhuluma ya ardhi isiachwe iozee vifuani: Tume ya Taifa ya Ardhi, mahakama na wazee wa mtaa wafuatwe, na vijana wenyewe wachukuliwe katika safari hizo, waone kwamba haki hutafutwa mchana na kwa karatasi.

Aliyekwisha kuingia naye asifungiwe mlango anapotaka kutoka. Apelekwe kwa imamu na kwa wazee, akabiliane na sheria kwa alilolitenda, na familia isimame naye huku haki ya aliyeumizwa ikitimizwa. Kijana aliyekosa pa kurudi hurudi kwa waliomtuma.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie vizazi vyetu, awarehemu waliouawa, na awape subira wanaongoja habari za wapendwa wao. Amin.