Somo Lisisubiri Mashine

Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la mwaka 2023, ambayo ilizinduliwa Dodoma mwaka 2025, inataka kijana wa Tanzania amalize shule akiwa na ujuzi wa kutenda. Sisi tunaiunga mkono. Lakini iko hatari ambayo ni lazima tuitaje mapema: elimu ya kompyuta na ya kuandika programu isije ikawa mali ya shule zenye chumba cha kompyuta tu, na mtoto wa Ipililo, mkoani Simiyu, akaambiwa angoje.

Taifa hili limekwisha kuonja gharama ya kutanguliza mashine. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Haikutimia miaka kumi Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, mwaka 1974, baada ya hesabu zake kuvurugika. Wataalamu wa kuziendesha walikuwa wageni. Chombo kilinunuliwa kabla ya kumwandaa mwananchi wa kukitumia.

Novemba ya mwaka huo huo wa 1974, Halmashauri Kuu ya TANU iliamua mjini Musoma kwamba kila mtoto aliyefikia umri wa kwenda shule apate nafasi ifikapo 1977. Walimu hawakuwapo. Hata hivyo hakuna aliyesema tungoje vyuo vijengwe. Vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu huko huko vijijini, kwa redio na kwa masomo ya posta, huku wakishika chaki. Ubora uliyumba, wala hilo halifichiki. Lakini madarasa yalifunguliwa.

Na kiini cha somo hili jipya hakihitaji umeme. Ni kuligawa tatizo kubwa katika vipande vidogo, kupanga hatua ambazo hata mashine isiyo na akili yake yenyewe itazifuata, kisha kutafuta kosa liliko na kulisahihisha. Wataalamu wa New Zealand walitunga, tangu miaka ya 1990, masomo ya namna hii yanayotumia karata, kamba na chaki, na leo yanafundishwa katika nchi nyingi.

Simiyu ni mkoa wa pamba. Mtoto anayetenga pamba safi na fifi tayari anayo kanuni kichwani: ikiwa ina uchafu, weka huku, la sivyo, weka kule. Mwalimu amtake aiandike kanuni hiyo, kisha mwenzake aifuate neno kwa neno bila kuuliza swali. Darasa litacheka, kwani kanuni itaonekana ina matundu. Pamba iliyolowa umande iende wapi? Na ile yenye kipande kimoja tu cha jani kikavu? Kila tundu linapozibwa, watoto wanaandika programu. Ndivyo ilivyo pia kwa maksai wa kulima: waende hatua ngapi, wageukie upande gani, warudie mara ngapi, wasimame lini. Mwanafunzi huyo akija kukalishwa mbele ya kompyuta, kitakachokuwa kigeni kwake ni vitufe.

Hatusemi kompyuta zisipelekwe vijijini. Zipelekwe, na upesi. Tunazungumzia utaratibu. Jirani zetu wa Kenya walianza kugawa vishikwambi katika shule za msingi mwaka 2016, lakini mtaala wa kuandika programu uliidhinishwa mwaka 2022. Miaka sita ni mingi kwa kishikwambi; betri yake haidumu hivyo.

Wako wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi somo hili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwajibu mwaka 2004 kilipotoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kufanyia hesabu ambayo maelekezo yake yote ni ya Kiswahili.

Kwa hiyo Taasisi ya Elimu Tanzania haina budi kumwandikia mwalimu wa shule ya msingi kiongozi cha somo hili kwa Kiswahili, na Baraza la Mitihani lilipime kwa kalamu na karatasi, maana lisilotahiniwa hupewa kipindi cha mwisho cha Ijumaa. Walimu waliomo kazini wafundishwe katika kata zao wakati wa likizo. Na ofisa wa halmashauri anayeidhinisha ununuzi wa kompyuta za shule aambatishe katika hati hiyo hiyo orodha ya walimu waliokwisha kufundishwa kuzitumia.