Kuhamia kijijini na shule ya mtoto

Familia inayohama mjini kwenda kijijini, tuseme kutoka Dar es Salaam kwenda Njombe, huanza na nyumba na shamba. Shule hufikiriwa lori likishapakiwa. Afadhali ingetangulia. Mwaka wa masomo Tanzania huanza Januari, na mtoto wa darasa la nne au la saba, mwenye mtihani wa taifa mbele yake, ni vigumu kumhamisha katikati ya mwaka. Uhamisho huanzia kwa mwalimu mkuu wa shule anayotoka mtoto, na namba yake ya Baraza la Mitihani humfuata.

Umbali hupimwa kwa miguu, tena masika. Njia ya nusu saa wakati wa kiangazi yaweza kukatwa na korongo lililojaa, na mtoto wa darasa la kwanza, kidumu cha maji mkononi na fagio kwapani, akarudishwa ng'amboni. Ndiyo maana karibu na makazi kuna shule shikizi, yaani matawi ya shule mama, ambazo kwa kawaida hufundisha madarasa ya chini tu. Baadaye mtoto huenda shule mama.

Lugha nayo ina uzito. Aliyesoma kwa Kiingereza shule ya binafsi hukuta hesabu na sayansi kwa Kiswahili, kisha sekondari Kiingereza hurudi. Shule za serikali hazitozi ada, ila sare, madaftari na mchango wa uji hubaki. Matokeo ya mitihani yapo mtandaoni, lakini nyumba za walimu husema zaidi: mwalimu anayeishi jirani na shule hazuiwi na mvua.