Chuo cha Umma Kina Wenyewe



Mwaka 1966 makanisa ya Kenya, kupitia Baraza lao la Kikristo, yalitoa ripoti iliyouliza swali moja: mtoto akimaliza shule, aelekee wapi? Kutokana na swali hilo vilizaliwa vyuo vya ufundi vya vijijini, vilivyofundisha useremala, uashi na ushonaji. Makanisa yalitangulia; serikali ikafuata.

Sisi wa Ukambani nasi tulichanga. Taasisi ya Kilimo ya Ukamba, iliyojulikana kama UKAI, ilianzishwa Kwa Vonza kwa moyo wa harambee. Mwaka 2008 ikageuzwa kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na Machi 2013 ikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili: Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya.

Ni fahari, lakini isitufumbe macho. Atakaye kuingia shahada moja kwa moja kutoka sekondari sharti apate angalau alama ya C+ katika mtihani wa kidato cha nne, na kila mwaka watahiniwa walio wengi hawaifikii. Swali la 1966 lingali mlangoni pa mzazi wa Ikutha.

Tukumbuke pia jinsi michango ya harambee ilivyokusanywa nchini zama za chama kimoja. Wengine walitoa kwa hiari. Wengine walitozwa na chifu, na kukataa kulihesabiwa uasi. Mara nyingi mtoaji hakupewa hesabu. Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, tulipata haki ya kuchagua chama. Haki ya kudai hesabu ilikawia. Sheria ya maadili ya 2003 ilimkataza mtumishi wa umma kutumia cheo chake kuchangisha harambee. Katiba ya 2010, katika ibara ya 35, inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Ibara ya 55 inaiagiza dola ihakikishe vijana wanapata elimu na mafunzo yanayowafaa. Na Jedwali la Nne limekabidhi vyuo vya ufundi vya vijijini kwa kaunti.

Basi tusiridhike na utepe kukatwa. Kila mwaka serikali ya kaunti hutakiwa kuwasilisha mkakati wake wa fedha katika bunge la kaunti kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Tuhudhurie vikao vya umma mapema, tukiwa na maswali yaliyoandikwa: chuo cha ufundi kilicho karibu nasi kimetengewa shilingi ngapi? Kina walimu wangapi? Zana zake zinafanya kazi? Karo ni kiasi gani? Makanisa yana kumbi na yana waumini. Yaisome bajeti hadharani kama yanavyosoma hesabu ya sadaka.

Mgala muue na haki yake mpe. Serikali ikijenga vyema, tuisifu. Ikificha hesabu, tuidai bila woga wala matusi. Aliyechanga haombi shukrani. Ataka mwanawe apate mahali pa kujifunza kazi.