Nilimkemea Dada kwa Kosa la Kupumua

 

Leo nataka kubishana na watumishi wenzangu, na nitaanza na mimi mwenyewe. Nawaomba msome hadi mwisho kabla ya kuandika "amina" ama "ushindwe".

Mwaka juzi dada mmoja wa kanisa letu, mwalimu wa shule ya msingi upande wa Nyamira, alinijia baada ya ibada. Alikuwa halali. Mkopo wa Sacco, karo ya watoto wawili, mama mkwe mgonjwa, na mshahara unaomfikia ukiwa umeshakatwa asilimia 1.5 ya nyumba na 2.75 ya bima ya afya. Akaniambia kwamba kwenye semina ya walimu walifundishwa namna ya kutuliza akili. Unakaa, unafumba macho, unafuata pumzi ikiingia na ikitoka. Wazo likija hupigani nalo, unaliacha lipite, unarudi kwa pumzi. Dakika kumi kila asubuhi. Alisema usiku mmoja wa wiki ile alilala saa tano mfululizo, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa miezi. Swali lake lilikuwa moja tu: "Pastor, nimekosea?"

Nilimjibu Jumapili iliyofuata, madhabahuni, mbele ya watu. Sikutaja jina, lakini kila mtu alijua. Nikafungua Mathayo 12, ile nyumba iliyofagiwa ikaachwa tupu, pepo akarudi na wenzake saba. Nikasema meditesheni ni dini ya Mashariki inayoingia kwa mlango wa nyuma, na anayetoa mawazo kichwani anawapangishia mapepo chumba. Watu walisimama wakapiga makofi. Spika ya kushoto ilikuwa inakwaruza siku hiyo, nakumbuka, na sikujali.

Dada akaacha zoezi. Usingizi nao ukamwacha. Baadaye akaliacha kanisa.

Mimi sikubadilishwa na maono. Nilibadilishwa na kiti cha plastiki. Mwaka huu nilienda kupima presha, na muuguzi, binti mdogo tu, akaniambia: "Pastor, kaa hapo dakika tano kwanza. Usiongee. Na simu uweke chini." Ndivyo presha inavyopaswa kupimwa, mwili ukiwa umetulia. Wapendwa, sikuweza. Dakika ya pili nilikuwa nimeshika simu. Akaninyang'anya kwa heshima, tukaanza upya. Mtu anayefunga siku 21 kila Januari, anayeongoza kesha mpaka jogoo awike, ameshindwa kukaa kimya dakika tano! Na kipimo kilisoma 168 kwa 104.

Nikarudi nyumbani nikafanya nilichopaswa kufanya kabla ya kupanda madhabahu: nikasoma. Mafunzo haya ya semina yana mwanzo unaojulikana. Mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn, mwanasayansi katika Chuo Kikuu cha Massachusetts huko Marekani, alichukua mazoezi aliyojifunza kwa walimu wa Kibuddha, akaweka ibada yao kando, akaunda kozi kwa wagonjwa wenye maumivu ambayo madaktari walikuwa wameshindwa kuyaondoa. Kwa hiyo wanaosema yametoka kwa Wabuddha hawadanganyi. Je, yanasaidia? Mwaka 2014 watafiti wa Johns Hopkins walikusanya majaribio 47 yenye watu zaidi ya 3,500. Walikuta kwamba mazoezi ya aina hii hupunguza wasiwasi, huzuni na maumivu kwa kiasi, bila makuu. Si muujiza, na hakuna pepo waliyemkuta humo.

Sasa turudi Mathayo 12, andiko nililolitumia kama rungu. Someni mstari wa 45 mpaka mwisho wake. Yesu alikuwa anasema na kizazi kizima kilichoona ishara kikamkataa. Hakuwa anasema na mwalimu aliyefumba macho kabla ya kwenda darasani. Pale chuo cha Biblia ningeandika hivyo kwenye mtihani, mwalimu wangu angenipa sufuri, na angekuwa na haki.

Kama tunataka andiko la mtu aliyelemewa, lipo: 1 Wafalme 19. Eliya yuko chini ya mti, amechoka mpaka anaomba kufa. Nionyesheni ni wapi malaika alikemea roho ya msongo. Malaika alimletea mkate na maji. Eliya akala, akalala tena, na malaika akamwacha alale! Alipomwamsha mara ya pili, chakula kilikuwa tayari. Hotuba ilikuja siku nyingi baadaye, kwa sauti ndogo. Na wanafunzi waliporudi kutoka kazini katika Marko 6, watu wakiingia na kutoka hata hawapati nafasi ya kula, Yesu hakuwatangazia mfungo. Aliwaita pembeni wapumzike.

Najua mtaniambia: Pastor, Biblia inatuita kutafakari Neno, wala haisemi pumzi. Ni kweli, na hapo ndipo mimi na watu wa semina tunapoachana. Wao wanakaa kimya na pumzi yao. Mimi nikikaa kimya kuna ninayekaa mbele yake, na aliyeniwekea hiyo pumzi namjua jina. Yoshua 1:8 bado iko mahali pake. Lakini niwaulize, wachungaji: tumewafundisha lini? Kila mshirika wangu anajua kukemea. Anajua kufunga na kufungua. Ni nani kati yao aliyewahi kufundishwa kukaa na mstari mmoja wa Zaburi dakika kumi, kinywa kimefungwa? Mama anachuma chai tangu saa kumi na mbili asubuhi, anapanga foleni kituoni kupimiwa, anapika, Ijumaa tunamwita kwenye kesha, Jumapili tunamwuliza mbona imani yake inasinzia. Tukaacha shimo, wengine wakalijaza, sasa tunapiga kelele juu ya waliolijaza.

Na kelele ndiyo tunayo. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita ya mraba katika kaunti ya Kisii. Isaka alitoka jioni kwenda shambani kutafakari, Mwanzo 24. Shamba letu ni robo eka, ndugu watatu, na kesi kwa chifu. Majirani zetu Wasabato, ambao tunapenda kuwacheka, jua likizama Ijumaa wanaweka jembe chini. Kwa hilo wanatushinda.

Lakini kuna jambo zito kuliko usingizi. Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa kusingiziwa uchawi. Wanne, na si mara ya kwanza kwetu Gusii. Sisemi kanisa liliwasha ule moto. Nasema tunajua tabia yetu: mtu halali, amerogwa, mtoto ameanguka, kuna aliyemtuma. Mimi siwezi kuwafundisha watu kuona pepo katika kila kichwa kinachouma, kisha nishangae wakitoka nje kumtafuta aliyemtuma huyo pepo. Dada yule mwalimu ningemkabidhi kwa nani, kama si kwa wasemao hivyo? Mchungaji mwenzangu, kabla ya kutaja pepo mwulize mtu amelala saa ngapi, amekula nini, anadaiwa na nani. Na wengine wanahitaji daktari. Mpeleke, umsindikize wewe mwenyewe.

Pia nisieleweke vibaya na wakubwa wa kazi wanaopenda semina hizi. Pumzi hailipi mkopo. Ukimkata mtu mshahara kisha umfundishe kutulia, umemkejeli. Na kanisa linalotangaza michango minne kwa mwezi liko kwenye orodha hiyo hiyo. Langu limo. Kuanzia mwezi huu tutakuwa na mmoja.

Wiki iliyopita nilienda kwa yule dada. Nilimwomba msamaha mbele ya mume wake, nikamwambia nitaomba na mbele ya kanisa, maana nilimwaibisha mbele ya kanisa. Akanipa chai. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Pastor, nimekusamehe. Lakini bado silali." Sikuwa na andiko la kumpa. Tulikaa tu, sisi watatu, mvua ikipiga mabati.

Basi Jumatano hii, saa kumi na moja na nusu jioni, hakutakuwa na jenereta wala spika. Tutasoma Zaburi ya 131, mistari mitatu tu, kisha tutakaa kimya dakika kumi na tano. Ukisinzia hatutakuamsha. Simu zitaachwa mlangoni kwa mama shemasi, na yangu itakuwa ya kwanza. Nimemwambia yule dada. Hajasema kama atakuja.