KAVA LIMEUZA, DADA WA WATU KABAKI NA MATUSI

Leo sina habari za nani kaachana na nani. Kuna kitu kinanikera siku nyingi, nacho ni hizi kava za muvi.

Kuna dada mmoja, jina simtaji, tunakaa naye mtaa mmoja. Mwaka jana aliitwa kuigiza, akalipwa elfu hamsini kwa siku. Sehemu yake ni mteja wa saluni: anasukwa, anasikiliza umbea, anacheka, basi. Nimeangalia na saa, dakika nne hazifiki. Muvi yenyewe inahusu mama wa kambo na ugomvi wa urithi wa nyumba, unakaa na bibi yako mnaangalia mpaka mwisho bila aibu yoyote.

DVD ilipotoka, daah! Kwenye kava yupo yeye, mkubwa kuliko staa mwenyewe, kavaa taulo. Hilo taulo kwenye muvi halipo kabisa. Picha walimpiga siku ileile, wakamwambia wanajaribu taa tu. Pembeni wakaandika kwa rangi nyekundu kwamba walio chini ya miaka 18 wasiangalie. Hapo watu wakagombania.

Walivyofika nyumbani wakakuta mama wa kambo, hasira zikawapanda. Lakini prodyuza hawamjui sura, wanayemjua ni dada. Sasa hivi akipita kijiweni wanamwita "buku tatu", yani bei ya DVD. Mzee wake alikutana na lile kava limebandikwa stendi. Hakuuliza kitu, alirudi nyumbani akakaa wiki nzima hamsemeshi mwanaye.

Nilimlalamikia jamaa mmoja aliyeko kwenye hizi kazi, akanijibu, "Dogo, hiyo ndo biashara, hata Wazungu wanafanya." Nikaenda kusoma. Kweli wanafanya, ila aliyeumia kule ni walewale wanaoumia huku.

Mwaka 1971 ilipigwa muvi moja ya bei chee Argentina, ikaitwa Slaughter. Walioitengeneza ni mtu na mkewe kutoka Marekani, Michael na Roberta Findlay. Ilikuwa mbovu, ikawekwa kabatini. Baadaye msambazaji mmoja, Allan Shackleton, akaichukua, akaiongezea dakika chache mwishoni zilizopigwa New York. Kwenye hizo dakika, watu wa kamera wanaonekana kama wanamuua dada mmoja, mara mkanda unakatika. Jina la muigizaji hata mmoja halitokei.

Akaibatiza jina jipya, Snuff, akaitoa mwaka 1976, na akaitangaza ili watu waamini kwamba mtu kauawa kweli mbele ya kamera. Akina mama wakaandamana nje ya ukumbi wa sinema New York, kelele zikawa promo ya bure. Ikabidi mwendesha mashtaka wa Manhattan, Robert Morgenthau, achunguze. Akatangaza kwamba ni maigizo, yule dada ni mzima wa afya. Lakini uongo haukufa. Miaka ya 80 muvi hiyohiyo iliingia kwenye kanda za video Uingereza, na huko nako ikaishia kwenye orodha ya kanda zilizoandamwa na sheria.

Sasa fikiria hapo. Kwa nini walificha majina ya waigizaji? Kwa sababu jina likionekana tu, kiki imekufa. Mtu mwenye jina ana kwao, unaweza kumtafuta ukamkuta yupo. Asiye na jina ni mwili tu, unauza unavyotaka. Nikarudi kuliangalia kava la dada yetu. Sura ipo, taulo lipo, jina lake hakuna popote!

Najua kuna watakaosema alikubali mwenyewe kupigwa picha. Sawa, alikubali kupigwa picha. Hakukubali kuuzwa kama mtu wa muvi za uchi ambayo hata haipo. Elfu hamsini ilikuwa ya kusukwa nywele, ya taulo hajalipwa mpaka leo.

Na mi nisijifanye malaika. Ile DVD niliinunua kwa ajili ya taulo, mama wa kambo nilikutana naye ndani. Stika ya TRA ilikuwepo, nikajiona mnunuzi halali. Stika ilisema kodi imelipwa, haikusema kava linasema ukweli.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Maprodyuza, aliye kwenye kava awe ndiye mwenye muvi, na jina lake liandikwe. Wasanii chipukizi, kabla hujapigwa picha uliza inakwenda wapi, na andikishianeni. Na sisi wanunuzi, ukidanganywa irudishe DVD kwa muuzaji ukaombe hela yako. Usiende kumtukana mtoto wa watu kijiweni, naye kadanganywa kama wewe.

Dada mwenyewe kaniruhusu niandike hii. Juzi kaitwa tena, safari hii elfu themanini, ila lazima akae kwenye kava. Amekataa. Anasema anaipenda kuigiza kuliko kitu chochote, lakini mzee wake ndo kwanza kaanza kuitikia salamu yake.

Haya wadau, wewe ungekuwa yeye ungefanyaje? Tiririka hapo chini, matusi sitaki.