Hatukuibiwa

Kila ninapokaa na wazee wenzangu hapa Kaloleni, Arusha, mazungumzo yakifika kwenye muziki wa zamani lazima mmoja aseme: "Wazungu wametuibia." Husema kwa uchungu, na wengine huitikia kwa kutikisa vichwa. Mimi sitikisi. Nasema hatukuibiwa. Tulitupa wenyewe, akapita mwenye macho akaokota.

Chukua mfano wa The Sunburst. Bendi hii ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1970. Vijana wake walipiga gitaa la umeme kwa kishindo cha roki, wakachanganya na soul na midundo ya Kiafrika. Albamu yao ni moja tu, Ave Africa, ya mwaka 1976, nayo ilitolewa Zambia, si kwetu. Baada ya hapo ikasahaulika. Huko Ulaya na Marekani wapenzi wa santuri kuukuu wakaisaka kama vijana wa Mererani wanavyosaka tanzanaiti. Mwaka 2016 kampuni ya Strut ya London ikaitoa upya, pamoja na nyimbo zao za tangu mwaka 1973. Hapo ndipo tulipoamka, na neno letu la kwanza lilikuwa lawama.

Wapo watakaosema kisa ni umaskini. Ni kweli kwamba nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania, santuri zikachapwa Nairobi, na mpaka ulipofungwa mwaka 1977, Namanga ikawa ukuta. Arusha ilikwisha kuonja machungu hayo mapema. Ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, walitoka Tanga wakaja hapa mwaka 1970 wakaunda Arusha Jazz. Mwaka uliofuata wakaenda Kenya, na huko ndiko walikovuma kwa jina la Simba Wanyika.

Hayo nayakubali. Lakini umaskini haumfanyi mtu aikane sauti ya mwanawe. Hiyo ni kazi ya dharau. Mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam, kwa hoja kwamba unapotosha vijana. Marufuku ilipita, fikra ikabaki: gitaa likilia kwa ukali, basi ni la Kizungu. Sasa niulize, ndugu msomaji: je, dansi tunaloliita letu halikunywa kutoka Cuba na Kongo? Tarumbeta zake zilichimbwa Mlima Meru? Kama rumba ilipopigwa na vijana wetu ikawa yetu, kwa nini roki iliyopigwa na vijana wale wale isiwe yetu? Wazambia walikuwa na roki miaka hiyo hiyo. Wao wakaipa jina la nchi yao, Zamrock, na bendi yao ya WITCH ikarudi jukwaani, ikatoa albamu mpya mwaka 2023. Yetu hatukuipa hata jina.

Wala sisemi haya kama mtu asiye na doa. Marehemu baba yangu alikuwa fundi redio Ngarenaro, akaacha sanduku zima la santuri, za dansi na za roki. Gramafoni ilipokosa sindano, nyingine tukazifanya vifuniko vya mitungi. Mwaka 1994 mgeni mmoja aliyekuja kupanda Mlima Meru aliziona nyumbani, akauliza bei. Nilicheka. Nikamwachia zote kwa bei ya debe la mahindi, na usiku ule nikalala nikijiona mjanja kwamba nimemlaghai Mzungu. Ilinichukua miaka mingi kuelewa aliyelaghaiwa ni nani. Na hata hivyo, si yule mgeni aliyenilaghai. Yeye aliuliza, akalipa, akafunga mzigo wake kwa uangalifu kuliko nilivyowahi kuufunga mimi. Nitamwitaje mwizi?

Hatua chache kutoka tunapokaa pana Makumbusho ya Azimio la Arusha. Humo tunatunza kumbukumbu za mwaka 1967, na ni jambo jema. Lakini vijana waliokua chini ya Azimio hilo walikuwa na sauti pia, na leo anayetaka kuisikia hana budi kuagiza London.

Basi tuache kulia wizi. Kama kuna sanduku uvunguni kwa mzee wako, lifungue. Muulize nani alipiga gitaa, nani aliimba, ilikuwa ukumbi gani na mwaka gani, uandike kabla hajaondoka. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Yetu imeisha hivyo hivyo, na daftari limeandikwa na wengine. Wa kulaumiwa si aliyeshika kalamu.