Mbeleko ya Maine

Usikate mbeleko na mwana hajazaliwa, wahenga walituasa. Mnamo Septemba 2020, katika jimbo la Maine huko Marekani, mbeleko ilikwisha kukatwa. Chuo Kikuu cha Quinnipiac kilitangaza kwamba katika kinyang'anyiro cha Seneti, Sara Gideon wa chama cha Democratic aliungwa mkono na asilimia 54 ya wapiga kura, naye Susan Collins wa Republican, seneta tangu 1997, asilimia 42. Tafiti nyingi nyingine zilimweka Gideon mbele vilevile, ijapokuwa kwa pengo dogo. Novemba ilipowadia, Collins alipata asilimia 51, Gideon 42.

Je, watabiri hao hawakujua hesabu? La hasha! Mwanafunzi yeyote wa takwimu anafahamu kuwa ukiwahoji watu elfu moja waliochaguliwa kwa bahati nasibu, jibu lako laweza kupotoka kwa takriban asilimia 3, juu au chini. Hesabu hiyo ni sahihi. Ila hupima kosa la bahati nasibu tu; haimpimi yule akataye simu pindi asikiapo neno "utafiti". Iwapo wakataao simu wanaegemea upande mmoja wa siasa, basi hata ukiwahoji watu laki moja kosa litabaki palepale.

Aidha, wapo waliodhani kwamba ampigiaye kura mgombea urais wa chama fulani humpigia na seneta wa chama hicho. Wana-Maine walimpa Joe Biden ushindi wa jimbo lao, kisha wakamrejesha Collins. Hakuna jimbo jingine lililofanya hivyo mwaka huo.

Utabiri si mchezo wa magazetini, maana fedha huufuata. Gideon alimiminiwa michango hata uchaguzi ukaisha akiwa amesaliwa na takriban dola milioni 15.

Mnamo 2021, chama cha watafiti wa maoni wa Marekani kilikiri kuwa tafiti za kitaifa kuhusu urais zilikosea mwaka 2020 kuliko wakati wowote katika miaka 40, wala hakikuweza kutaja chanzo kwa yakini. Nawasifu kwa kusema kweli.

Mimi sidai tafiti zipigwe marufuku. Nawaomba walimu wenzangu wafundishapo sampuli wasikomee kwenye kanuni ubaoni, bali wawazoeze wanafunzi kuuliza: waliopigiwa simu ni wangapi, na waliojibu ni wangapi? Ile asilimia 3 huchapishwa kila mara. Idadi ya waliokataa kujibu ni nadra kuiona.